Aliyechana Kurasa za Jarida

Mwangaluka, mjukuu wangu Kabula. Huku Bariadi tumeamka salama. Bibi yako anachuma pamba na kuniita mvivu, na hajakosea.

Umeuliza nani alichana kurasa za mwisho za lile jarida langu la michezo ya mezani, ile ya kurusha dadu, mmoja akisimulia na wengine wakijifanya mashujaa. Ni shangazi yangu. Alizitumia kufungia wateja dagaa wa Lamadi! Msimulizi nilikuwa mimi, na wenzangu watatu walikuwa wamekwama pangoni ndani ya mchezo, wakingoja kujua watatokaje, na jibu lilikuwa kwenye kurasa hizo.

"Malizia mwenyewe," rafiki yangu Masanja akaniambia. "Mdomo si unao?"

"Bila kurasa haiwezekani!" nikafoka. "Kamuulizeni shangazi!"

Wakanisubiri wiki nzima, mimi nimenuna tu. Kisha Masanja akahamia Migato, na hatukucheza tena.

Miaka yote hii nimemlaani shangazi wa watu. Jana nimesoma ukurasa wa kwanza, ambao zamani niliuruka kwa kuogopa Kiingereza kirefu. Umeandikwa wazi: msimulizi anaruhusiwa kubuni chochote.

Nimekasirika upya, Kabula, na safari hii shangazi hayumo.

Ni mimi babu yako, niliyewaacha watu pangoni.