Osmunda na Protini Zinazolegeza Uzi

Jumamosi, mwezi wa sita. Songea baridi imekaza, manyunyu tangu alfajiri, na mimi nimelia mpaka kichwa kinauma. Ila kilio chenyewe si kibaya.

Majibu ya vinasaba yaliingia kwenye simu Jumanne. Sikuyafungua. Mwalimu wa baiolojia mzima, naogopa faili! Binti yangu Osmunda ana miaka minne, hajatamka neno, na vidole vyake vya mwisho havina kucha. Walipima damu yake, ya baba yake na yangu. Niliogopa nikute kosa limetoka kwangu.

Leo nimejibanza jikoni, nikafungua.

Halikutoka kwangu. Wala kwa baba yake. Limezuka lenyewe, wakati anaumbwa.

Shuleni huwa nachora DNA ubaoni kama ngazi iliyosimama wazi, kila jeni linasomeka. Mungu anisamehe. Ndani ya seli uzi ule wa DNA umeviringishwa kwenye protini, ukabanwa, na jeni lililobanwa sana halisomeki. Kuna protini nyingine zinazofanya kazi kwa kundi. Hizo ndizo zinazosukuma na kulegeza pale panapotakiwa kusomwa. Kundi la Osmunda lina upungufu. Jeni la protini mojawapo lina nakala mbili, kama kwa kila mtu, ila kwake moja ni mbovu. Kazi inafanyika, lakini kwa kusuasua.

Mama mkwe wangu tunaishi naye hapa Msamala, na mtoto tulimpa jina lake. Tangu tuanze kuzunguka hospitali aliacha kumwita hilo jina, akawa anasema tu "haka katoto". Nilimchukia kwa hilo, naandika bila kuficha. Nilijua ananihesabia mimi kosa.

Nimemkuta barazani anafuma kitambaa cha kochi. Nikakaa naye mkekani, nikashika donge lake la uzi, nikamweleza. Uzi ukikaza hivi, Mama, hufumi kitu. Lazima mikono iulegeze kwanza. Kwa mtoto wetu mikono hiyo imepungua. Hakuna mtu aliyemletea tatizo hili.

Akaacha kufuma.

"Wala jina?"

"Jina gani, Mama?"

"Langu. Mimi nimezika watoto watatu, mwanangu. Nikasema nimempa jina, nimempa na mkosi wangu. Nikaona nikiliita nazidi kumfunga."

Jamani! Miaka yote hiyo nyumba moja, sufuria moja, kila mtu anajishtaki chumbani kwake.

Nikampigia magoti, nikamwambia jinsi nilivyomchukia. Akanifuta machozi kwa ncha ya kitenge chake.

"Najua. Uji wangu ulikuwa unauacha upoe makusudi."

Tukacheka, tukalia tena. Osmunda akatoka ndani kututazama, akaona tunalia, akaja kujilaza katikati yetu na miguu yake ya baridi. Bibi yake akamfunika.

Halafu akauliza swali ambalo faili lile halina jibu lake: atasema lini? Nikamwambia kweli, sijui. Labda maneno machache, labda mengi, kwa kuchelewa.

"Basi tusimkimbize," akasema.

Nami naiandika kauli yake hapa nisije nikaisahau siku nitakapokata tamaa. Simkimbizi. Nimemsubiri mtoto huyu miaka minne nikidhani niko peke yangu, kumbe tulikuwa wawili.