Laini ya Bluu na Katibu wa Jikoni

Jumatatu, 3 Machi
Nyumba mpya tamu — mtandao hakuna! Asubuhi nimepanda juu ya kiti jikoni, simu nimeitoa dirishani, ndipo jumbe zikamiminika. Watu tisa walinitafuta jana bila kunipata. Mmoja alijaribu mara saba: yule mama wa kilimani mwenye ng'ombe mmoja. Ndama alitanguliza miguu ya nyuma. Hakupona. Nimekwenda kumwona mama huyo. Hakunilaumu, alisema tu, "Nilikupigia, daktari." Afadhali angenitukana.

Miaka kumi na mitatu wafugaji wananipata kwa namba hii. Haiwezi kuendelea hivi.

Jumanne, 4 Machi
Mume wangu amefurahi mno. Mwalimu wa hesabu, umempa tatizo! Amechora jedwali nyuma ya kalenda: kampuni yangu ya simu ya zamani huku, ile ya bluu kule. Ya bluu vifurushi vyake nusu ya bei, dakika hazina mwisho wa matumizi, hapa bondeni inashika mpaka bafuni. Na unahama na namba yako ileile.
"Sasa unasubiri nini?"
Nikamwambia jedwali lake halina ng'ombe. Ng'ombe wako kilimani. Huko inashika?
Akaongeza safu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimenunua laini ya bluu ya kujaribia. Kila zizi nililoingia nimepiga simu nyumbani, Mama apokee kwa simu yake pale dirishani — mama yake mume wangu, tunaishi naye. Kiwanda cha maziwa: safi. Kwa mfuga nguruwe: safi kabisa, Mama amesikia hadi nguruwe wakigombana, amecheka mpaka akakohoa. Darajani: inakatakata. Kilimani: hola! Na kati ya mazizi yangu kumi na manne, tisa yako kilimani.
Yaani ya bluu inanifaa nikiwa nyumbani, ya zamani nikiwa kazini. Na simu yangu inachukua laini moja tu. Kazi kwelikweli.
Halafu hili: Mama leo ameongea kuliko mwezi mzima. Alikotoka alikuwa na majirani, mlango haufungwi. Hapa tunamwachia redio na paka.

Jumamosi, 8 Machi
Jawabu limetoka kwa Mama, akimenya viazi.
"Hiyo ya bluu nipe mimi, niiweke kwenye simu yangu. Yako isipopatikana, simu zije kwangu. Mdomo ninao, nitakuita."
Mume wangu akaangalia jedwali. Akamwangalia mama yake. Akachukua kifutio.
Fundi simu amepanga kila kitu kwa dakika mbili. Simu isiponipata inaruka yenyewe kwenda kwa Mama.

Jumatano, 12 Machi
Mfuga mbuzi kanipokea akicheka. "Daktari, yule katibu wako ni mkali!"
Katibu gani tena?
Kumbe Mama hapokei tu. Anauliza: anakula? Anacheua? Kinyesi kikoje? Kisha anaandika kwenye daftari, na saa waliyopiga. Yote ameyaokota kutoka kwangu mezani, mimi nikidhani hasikilizi. Na akipokea anasema, "Ofisi ya daktari, sema taratibu."
Nimecheka njia nzima. Daftari lenyewe nimelisoma jioni — mwandiko wake mzuri kuliko wangu.

Jumatatu, 17 Machi
Ndama jike! Yuko hai!
Nilikuwa nyuma ya nyumba naanika nguo, simu mfukoni imekufa kama jiwe. Mama akatokea mbio, kiatu mguu mmoja. "Miguu ya nyuma inatangulia! Kwa mzee wa trekta! Nimewaambia wasivute mpaka ufike!" Nguo nikazitupa. Tumefika, nimemgeuza ndama kidogo, tumevuta watu watatu. Akapiga chafya.
Nilimpigia Mama hapohapo, kutoka zizini. Alikuwa analia, nadhani. Kisha akauliza ni wa rangi gani, aandike.

Ijumaa, 21 Machi
Yupo sebuleni dada wa mauzo wa kampuni yangu ya zamani. Wamewasha mnara mpya juu ya bonde letu. Ametuonyesha: mtandao umejaa, hapahapa kwenye kochi! Kilimani nako inashika kama kawaida. Na kuna kifurushi kipya, laini moja tu, nafuu kuliko gharama ya hizi mbili. Mume wangu amepiga hesabu mara mbili, anameremeta. Fomu mezani.
"Weka sahihi hapa, dokta. Ile ya bluu unaifunga, huihitaji tena."
Kweli siihitaji. Nimeshika kalamu, nimeinama.
Jikoni simu ya Mama ikalia; siku hizi wapo wanaompigia yeye moja kwa moja.
"Ofisi ya daktari, sema taratibu… Ehe. Tangu lini? … Usilie, mwanangu. Anacheua? … Basi usilie, nipo hapa."
Dada wa mauzo akauliza yule ni nani. Mume wangu akajikuna kichwa, akaiangalia fomu.
Nimewaambia ngoja nikalete miwani. Naandika haya chumbani. Miwani iko usoni.
Mume wangu anaita, nimeipata?
Nimejibu bado natafuta.