Taa Bado Zinawaka

Elirehema, rafiki yangu,

Tangu tukuzike pale kwenye migomba yako, sina wa kumwambia jambo hili. Naogopa.

Unaikumbuka swichi ya lile shamba la maua Usa River, iliyounganisha kompyuta zote za ofisi? Prosesa yake, ndiyo ubongo wake, iliganda, lakini taa za kijani ziliendelea kuwaka na kuzima kama kawaida. Mhasibu akatucheka: "Mafundi, mbona mnamtibu asiyeumwa? Barua pepe zangu zinaenda." Zilikuwa zinaenda kweli. Chipu nyingine ndani yake ilikuwa na jedwali la njia ilizokwisha kufundishwa. Kila pakiti ya data iliyoingia ilisomwa anwani na kusukumwa kwenye mlango wake, prosesa haikuulizwa kitu. Kisha tukachomeka kompyuta mpya. Haikupata mtandao. Hakukuwa na wa kuitengenezea njia. Ukaninong'oneza, "Hii imeshakufa, Baba Ndeshi. Haijaanguka tu."

Na mimi nimekuwa hivyo.

Hapa Kimandolu watu wakipita getini husema, "Shikamoo, babu." "Marahaba, hamjambo?" Neno linatoka lenyewe, kabla sijajua nimesalimiwa na nani. Kanisani naimba nyimbo zote bila kitabu. Wanasema mzee bado imara. Lakini mume wa mjukuu wangu, aliyeoa juzijuzi, nimemuuliza jina kila alipokuja. Mara ya mwisho alisema, "Babu kwa utani, humuwezi." Nikacheka naye, kana kwamba ulikuwa utani kweli.

Daktari amenieleza ni ugonjwa gani huu unaokula kumbukumbu. Binti yangu Ndeshi hajui. Nilimwambia ni presha tu. Kufa sikuogopi sana, maana wewe umetangulia. Naogopa siku nitakayomwitikia mwanangu marahaba kama ninavyomwitikia mpita njia, naye aondoke ameridhika, asijue kwamba ndani hakuna mtu.

Siku ile nilitaka tuizime ile swichi na kuiwasha upya. Ukanishika mkono. Ikizimwa, ulisema, hata njia ilizonazo zitafutika. "Tuwaambie kwanza, wamalizie ya muhimu wakati bado inapeleka." Nakusikia mpaka leo, sauti yako ya upole, kama unaongea na mgonjwa.

Pumzika, ndugu yangu. Kesho Ndeshi akileta chai atanisalimia, na marahaba itakuwa tayari mdomoni. Nitaizuia. Nitaanza na jina lake, wakati bado ninalo, kisha nimwambie yote.