Nililicheka Zimwi, Kumbe Sauti Ilikuwa Yangu

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na kabla ya msaada naomba usinicheke, maana mimi ni mama mtu mzima, fundi cherehani kwa miaka ishirini na sita sasa, sare za nusu ya watoto wa mtaa huu zimepita mikononi mwangu, shule niliishia darasa la saba lakini mkono wangu una digrii, na sijawahi kumwandikia mtu barua ya aibu mpaka leo.

Nina binti mmoja tu, na hata ningekuwa nao kumi huyu angekuwa wa kwanza. Ana miaka ishirini na mbili, anaitwa (jina nimelikata – Mshauri), anasoma utengenezaji wa filamu katika chuo cha (nimekata tena – Mshauri), mrefu, ana shingo, ana akili mpaka walimu wanajiandaa kabla ya kumfundisha, alitembea akiwa na miezi tisa, na matokeo yake ya sekondari niliyabandika dukani juu ya kioo cha kujitazamia, ili kila mteja anayejaribu nguo ayasome. Nimeambatanisha picha yake uone mwenyewe kwamba sisemi kwa sababu nimemzaa. Mkiichapa, tafadhali ichapeni kwa rangi.

Sasa mwanangu huyu alitengeneza filamu ya kutisha. Nilimwambia, "Mwanangu, kwa nini usitengeneze ya mapenzi, watu wakalia vizuri wakaenda nyumbani?" Akaniuliza, "Mama, wewe ulipokuwa msichana mlikuwa mnaangalia nini?" Nikakumbuka. Nilikuwa nafanya kazi kiwanda cha nguo wakati ule, ikaletwa mashine ya kukata vitambaa, na safu nzima ya wakataji ikaondoka ndani ya wiki moja, na mwezi huohuo kwenye ukumbi wa video wakawa wanaonyesha mtu wa chuma anayevunja milango na kuingia majumbani kwa watu, na sisi wanawake wa kiwandani ndio tuliopiga kelele kuliko ukumbi mzima, mwenzangu mmoja alipoteza kiatu akikimbia. Binti yangu akacheka, akasema, "Unaona, mama? Lile bati halikuwatisha kitu. Mlikuwa mnaiogopa Jumatatu kiwandani." Nikamuuliza, "Na nyinyi siku hizi mnaogopa nini, na kila kitu mnacho?" Alikuwa ananisaidia kushona vifungo, akakata uzi kwa meno, akasema, "Kuangaliwa." Mimi nikamwambia, "Haya, kaa hivyohivyo na huo uzi, nikupige picha."

Mshauri, nguo za filamu hiyo nilishona mimi. Alikuja dukani akasema, "Mama, nishonee uso." Nikasema uso wa nani, akasema wa msichana asiye na uso. Nikachukua kitambaa cheupe cha bitana, nikampima kichwa, nikamuuliza macho nitoboe wapi. Akasema, "Usitoboe." Nikashona, na mshono wangu hauonekani hata ukiutafuta kwa tochi, na wala sikuuliza zaidi.

Filamu yenyewe ni ya chombo kinachoitwa Mlezi. Kinakaa juu ya kabati, kina jicho moja jekundu, kimenunuliwa kimtunze msichana wakati wazazi wako kazini, na kinampenda kweli, hapo ndipo panapotisha. Kila anachofanya kinakitangaza kwenye simu za mji mzima. Leo amekula vizuri. Leo amelia. Leo ameandikiwa barua na mvulana, isomeni. Na kila picha yake inayotumwa inaondoka na kipande cha uso wake, leo nyusi, kesho pua, mpaka mwisho uso umekuwa mweupe kama shuka, na Mlezi bado kinasema, mwangalieni alivyo mzuri.

Ilichaguliwa, mshauri! Kati ya filamu za chuo kizima yake ndiyo ilipelekwa kwenye shindano kubwa la filamu fupi, na mshindi anapata mwaka mzima wa kusomeshwa na watu wa kazi hiyo. Kabla ya hapo chuo kikaalika wazazi waione mchana mmoja, na mwalimu akasimama akasema zimeni simu, filamu hii haitakiwi kutoka nje ya ukumbi huu, shindano halipokei filamu ambayo imeshaonekana na watu. Nilimsikia. Nilikuwa nimekuja na watu wanane na gauni jipya, tumechelewa kwa sababu ya hilo gauni, tukakaa nyuma kabisa karibu na Miwani. Miwani ni jina ninalomwita msichana rafiki yake wa chuo, ndiye aliyeikata na kuiunga filamu, na siku hiyo yeye peke yake aliruhusiwa kushika simu, arekodi watazamaji kwa ajili ya ripoti yao ya chuo. Mimi simu yangu niliisimamisha kwenye mfuko wa mbele wa mkoba, jicho limechungulia nje, nikairekodi filamu yote, dakika kumi na tisa.

Na nilicheka, mshauri. Kila Mlezi kilipofungua mdomo nilicheka kuliko wote, maana kilikuwa kinasema mambo ya kweli, kinamsifia mtoto kila saa, na kila kikimaliza kinasema, "Huyo ni wangu, mwenye wivu ajinyonge!" na mimi huku nyuma naitikia nacho pamoja. Shoga yangu msusi akaninong'oneza, "Mbona hilo dude linaongea kama wewe?" Nikamjibu, "Limeiga wenye akili!" Mpaka ule uso wa bitana ulipotokea, kazi ya mikono yangu, hauna jicho wala mdomo, na ile sauti inausifia, ndipo nikakumbuka alipokuwa na miaka kumi na mitatu nikaandika kwenye kundi la familia, kwa furaha tu, na maua nikaweka, kwamba (hapa nimekata mistari mitatu – Mshauri), na shangazi zake wote wakamtumia pongezi, na yeye akajifungia bafuni hadi tangi likaisha maji. Alijitoa kwenye lile kundi, nikamrudisha. Akajitoa, nikamrudisha. Mara ya tatu nikamwacha nikasema ana maringo.

Nilitoka nikaenda chooni kulia. Na hili ndilo linalonitoa jasho kuliandika: nikiwa hukohuko chooni, machozi yanatiririka, niliituma. Kundi la familia, kundi la mafundi, na kundi la wazazi wa darasa lake la zamani. Niliandika, "Kazi ya mwanangu, mwenye wivu ajinyonge."

Siku ya tatu ilikuwa kwenye simu za watu hata nisiowajua. Siku ya tano barua ya shindano ikaja, filamu imeondolewa. Miwani alikuwa amekuja dukani kwangu kuchukua sketi yake, binti yangu akamfuata hapo, akamwambia mbele yangu, "Imerekodiwa nyuma kabisa. Nyuma kulikuwa na simu moja. Sikiliza, hata kicheko cha mama kinasikika karibu, kwa hiyo simu ilikuwa palepale ulipokaa." Miwani akanitazama mimi. Aliiona simu yangu siku ile, mshauri, tulikuwa bega kwa bega, aliiona. Nikaendelea kukanyaga cherehani, mfuko wa sare ya mtoto nikaushona juu chini. Miwani akachukua sketi yake, akasema, "Shikamoo mama," akaondoka, na hajarudi.

Ni wiki mbili sasa. Mwanangu anakula amesimama, analala ameupa ukuta uso, na mimi hajaniuliza swali hata moja. Shangazi zake wanajua, wananiambia funika kombe mwanaharamu apite, filamu atatengeneza nyingine, lakini mama hapati mwingine. Nikisema nitampoteza. Nikinyamaza, Miwani anabeba mzigo wangu. Nifanyeje? Na je, zimwi la ile filamu ni mimi?

Mimi,
Mama Fundi

Mama Fundi,

Barua yako imenichekesha mara mbili na kunikasirisha mara tano, na mara ya tano ilikuwa pale bahasha ilipodondosha ile picha juu ya meza yangu. Pole kwa aibu unayoipata. Unaistahili, lakini pole.

Nianze na unaloliogopa. Unasema ukisema utampoteza binti. Mama, mtu anayelala ameupa ukuta uso ameshaondoka nusu. Halafu jiulize kwa nini hajakuuliza swali. Kicheko kile anakijua tangu akiwa tumboni, na jinsi unavyobeba mkoba anajua. Mimi sikai nyumbani kwenu, siwezi kuapa, lakini nina wasiwasi kwamba sehemu fulani ya moyo wake imeshajua, na inampigia kelele Miwani kwa sababu kumpigia mama ni kuzito zaidi. Anakungoja.

Na Miwani! Mtoto wa watu amekusitiri, amekuamkia, ameondoka na sketi na lawama yako kwenye mfuko mmoja. Heshima aliyokupa hujailipia. Miaka yote umetangaza yasiyo yako. Leo una jambo la kutangaza ambalo ni lako kabisa, na ghafla umekuwa msiri mkubwa. Hao mashangazi wanaosema funika kombe, waulize ni nani kati yao aliyeipeleka ile video mbele.

Fanya hivi. Funga duka mapema, simu iache juu ya cherehani, nenda kwa Miwani kwa miguu yako. Usimtume mtu. Usibebe zawadi. Mwambie, "Ilikuwa mimi, uliniona, ukaninyamazia, na mimi nikakuacha upigwe." Kisha nenda kwa binti yako, mkae wawili tu, bila msusi na bila shangazi. Mwambie hivyohivyo kwa sentensi fupi. Usianze na "unajua mama anavyokupenda." Anajua. Filamu nzima inasema anajua, kile chombo kinampenda mpaka kinammaliza. Akipiga kelele, mwache. Akitoka, usimfuate, na usimpigie kila mtu kuuliza kama amemwona.

Siku ya pili waandikie watu wa shindano, na chuo pia, kwa mkono wako mwenyewe, kwamba uliambiwa usirekodi, ukarekodi, ukasambaza, na binti na mwenzake hawakujua. Alama za sekondari usizitaje. Huenda wasimrudishe. Andika hata hivyo, kwa sababu jina la Miwani lazima lisafishwe mahali lilipochafukia. Na kwenye yale makundi matatu andika mstari mmoja, "Nilituma bila ruhusa, naomba mfute," halafu zamu ya kujitoa ni yako. Akikurudisha mtu, jitoe tena. Utaonja ladha yake.

Unauliza kama zimwi ni wewe. Mashine iliyowaondoa wakataji kiwandani haikuweza kujizuia, na Mlezi hakiwezi kunyamaza, ndivyo kilivyoundwa. Wewe hukuundwa, ulizaliwa, unaweza kuacha. Kwa hiyo huna hata udhuru wa zimwi. Acha.

Jambo la mwisho. Binti akikutana na habari hii gazetini kabla hajaisikia kinywani mwako, utakuwa umemtangaza kwa mara nyingine, na safari hii mimi nimekushikia kipaza sauti. Ndiyo maana jibu hili nimekutumia kwa bahasha, na barua yako itachapwa tu siku binti yako atakaponipigia yeye mwenyewe kuniambia ameisoma na ameridhia.

Ndani ya bahasha hiyohiyo utaikuta picha yake. Hatutaichapa, si kwa rangi wala bila rangi, na hapa ofisini nimeiona mimi peke yangu. Ni kweli, ni mzuri. Usiibandike kwenye kioo. Ukishamaliza kusema uliyotumwa kusema, mpe mkononi, uso umeelekea kwake.