Saba Sita, Sita Saba

Jumatatu, 3 Juni

Mfumo wetu mpya wa miadi umeanza kazi hospitali ya macho! Wagonjwa wote wametumiwa meseji yenye tarehe na saa. Bosi kanipa mkono mara mbili. Nimerudi nyumbani natembea kama mtu aliyegundua umeme.

Mama naye kachangamka kupita kiasi. Meseji imemwambia upasuaji wake wa mtoto wa jicho ni tarehe sita Julai. Alikuwa akitarajia Ijumaa hii. Anaimba jikoni. Hilo jicho limemnyima usingizi mwezi mzima — si kwa maumivu, kwa woga. Nikamwambia hospitali wana sababu zao.

Jumanne, 4 Juni

Sista wa mapokezi alipiga kabla sijaweka mkoba mezani. Watu wa miwani wa Julai wanauliza kwa nini wameambiwa waje Ijumaa hii. Wa upasuaji wa Ijumaa wanashukuru kwa kuahirishwa. Hakuna aliyeahirisha chochote, akasema. Daktari bingwa anakuja siku hiyo moja tu. Baada ya hapo, mpaka mwakani.

Wa upasuaji. Ijumaa. Mama!

Nikafungua faili la zamani. Limeandika 07/06, siku mbele, mwezi nyuma. Mfumo wetu unasoma mwezi kwanza. Saba Juni imekuwa sita Julai, na sita Julai imekuwa saba Juni. Tarehe za kuanzia kumi na tatu ziko salama, maana mwezi wa kumi na tatu haupo, mfumo ukajiongeza wenyewe. Ndiyo maana hatukushtuka.

Nilimnyooshea kidole Nukta mbele ya bosi. Nukta ni mwenzangu wa meza ya pili. Tulimpa jina hilo kwa sababu nukta ikikosekana mahali kwenye programu, hali wala halali. Alikunywa maji tu.

Jumatano, 5 Juni

Mstari wa programu uliogeuza tarehe ni wangu.

Na juu yake nimeandika mwenyewe: "Tarehe zimejaribiwa, ziko sawa." Zimejaribiwa kwa tarehe gani? Siku yangu ya kuzaliwa. Nane mwezi wa nane! Igeuze utakavyo, ni ile ile.

Nilikaa chooni dakika kumi nikijitungia utetezi. Haukutungika. Nikaenda kwa bosi, nikamwita na Nukta, nikasema kosa ni langu, si lake. Bosi akakuna kidevu. Nukta akaniuliza kama nimewahi kufikiria kuzaliwa tarehe nyingine. Tulicheka. Mimi nilicheka huku machozi yananilenga.

Alasiri: mstari umenyooka. Mwezi sasa unaandikwa kwa jina. Meseji mpya zimekwenda kwa wa Julai wote, na kwa wale thelathini na mmoja wa upasuaji wa Ijumaa, Mama akiwemo. Nukta alikagua tarehe moja baada ya nyingine. Safi.

Alhamisi, 6 Juni

Si safi.

Chai ya asubuhi. Mama anasoma meseji, simu kaiweka mbali kama itamng'ata. "Ijumaa, 7 Juni, saa 9:00." Kwanza uso ulimshuka. Halafu akasema, basi saa tisa alasiri, nitapata na muda wa kufua.

Chai ilinipalia.

Mfumo unahesabu kuanzia katikati ya usiku. Tisa yake ni saa tatu yetu asubuhi! Tarehe tumezikagua kama polisi, saa hakuna aliyeitupia jicho. Na daktari anaondoka saa nane mchana.

Tumeshinda kwenye simu, mimi na Nukta. Saa tatu, si saa tisa. Mzee mmoja aliniuliza kama nina uhakika. Nikamjibu ndiyo. Akasema hata meseji ya jana ilikuwa na uhakika.

Thelathini wameelewa. Mama nilimwambia uso kwa uso. Nilitaka dada yake amsindikize, maana mimi natakiwa mapokezi mapema. Akasema yeye si mzigo, atakuja mwenyewe. Halafu akaguna. Mguno wa Mama hakuna mfumo utakaousoma.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika mapokezini, daftari gotini. Saa sita kasorobo. Thelathini wamefika! Wengine wameshatoka, bandeji jichoni. Yule mzee wa uhakika alinitambua kwa sauti, akanishika mkono, hakuuachia upesi.

Kiti kimoja kitupu.

Nimempigia. "Niko njiani." Nyuma yake nasikia maji yanajaa ndoo.

"Njia gani hiyo yenye bomba, Mama?"

Ndoo inasogezwa. Halafu: "Meseji ilisema saa tisa."

"Ile niliikosea mimi, Mama."

"Na ya Julai?"

"Nayo mimi."

"Sasa leo nikuamini kwa lipi, mwanangu?"

Nikamwambia naogopa pia, hata hivyo nitakaa naye mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Hakukata simu.

Sista anaita namba ishirini na moja. Nukta kasimama na funguo za gari, tayari kumfuata Mama, ananitazama. Nimemwashiria asubiri kwanza. Simu iko sikioni, naandika kwa mkono mmoja. Maji yamefungwa. Ndala zinaburuzika sakafuni. Mlango umefungwa — wa nje, au wa chumbani?