Mbavu za Meneja

Chumba cha Cherehani,
Nyumbani.
Jumatano, 9 Aprili.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Salamu kwanza. U hali gani huko kazini, na kifua chako kimetulia? Wifi yangu na mtoto wanaendeleaje? Sisi huku tu wazima. Mama mguu unamsumbua lakini ulimi uko palepale, na shemeji yako bado anakoroma mpaka madirisha yanaitikia. Mimi mwili mzima, ila roho iko juu juu. Kaa kitako usome, tena usome mpaka mwisho kabla hujashika simu.

Ni habari ya mbwa wako uliyeniachia. Kila Jumapili ukipiga simu huniuliza Meneja anaendeleaje, nami hukujibu hajambo, anapungua vizuri. Nimekudanganya. Si mara moja, ni Jumapili nne. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sitaki kifo kinitangulie kukwambia.

Unakumbuka ile picha niliyokutumia mwanzo wa mwezi uliopita, ukacheka ukasema sasa amekuwa meneja kweli, kitambi kimetangulia? Hata hapa nyumbani kila mteja aliyekuja kupima gauni alisema vivyo hivyo. Ukaniomba nimpunguzie chakula. Nikakujibu hilo niachie mimi, maana kama kuna mtu anayejua viuno katika mtaa huu, ni mimi.

Basi nikachukua tepu, nikampima tumbo, nikaandika kwenye daftari la wateja chini ya vipimo vya bibi harusi. Chakula nikakikata nusu. Baada ya wiki moja tumbo likaongezeka sentimita tatu. Nikasema kuna mtu anamlisha kwa siri, nikamshuku Mama, tukanuniana siku mbili nzima. Nikapunguza tena, tumbo likaongezeka tena. Unanijua nikishakasirika sisikii la mtu. Meneja alikuwa akikaa kando ya sahani tupu akinitazama, nami namwambia utakuja kunishukuru.

Juzi Jumatatu alishindwa kuvuka kizingiti cha mlango. Shemeji yako akambeba hadi kwa daktari wa mifugo, yule mama wa miwani aliye nyuma ya duka la misumari. Nikamweleza daktari, tena kwa kujiamini, kwamba mbwa amenenepa na hataki kupungua. Nikamwonyesha na daftari. Hakulitazama. Alinishika mkono, akaviingiza vidole vyangu ndani ya manyoya, ubavuni.

"Unahisi nini?"

Mbavu, moja moja, kama meno ya chanuo. Akanisogeza mgongoni, nako mfupa mtupu. Akanieleza kwamba mbwa mwenye afya, mbavu zake unazigusa chini ya nyama kidogo bila kukandamiza, na ukimtazama kutoka juu unamwona kiuno. Tumbo peke yake halitoshi kukwambia kitu, na manyoya mazito kama ya Meneja huficha mengi.

"Dada, huyu hajanenepa. Huyu amekonda, na tumboni ana uvimbe."

Mdogo wangu, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Uvimbe uko kwenye bandama, na ndio niliokuwa nikiupima. Wiki nne nimemnyima chakula mgonjwa. Wala hakuiba hata mara moja, na nyama ya shemeji yako ilikuwa ikikaa mezani bila kufunikwa.

Daktari atampasua kesho asubuhi. Hakunificha: Meneja amedhoofika, huenda asiamke kwenye dawa ya usingizi. Lakini tukisubiri apate nguvu, uvimbe unaweza kupasukia ndani. Tangu Jumatatu nimekuwa nikimlisha kwa mkono, anakula kidogo kidogo. Jioni hii nimeambiwa asiguse kitu mpaka apasuliwe. Yaani ninamnyima tena, naye hajui tofauti.

Fomu ya kukubali upasuaji ilikuwa na nafasi ya sahihi ya mwenye mbwa. Nimeweka yangu, si yako. Likitokea la kutokea, sitaki uishi ukijiuliza kama ulifanya sawa. Umemlea tangu akienea kwenye kofia yako, kwa hiyo hasira zako zote zilete kwangu, ninazistahili. Ule utani wako wa kitambi nao usikuumize. Wewe uliona picha tu, mimi ndiye niliyekuwa naye.

Mama, shemeji yako na Shangazi Mkali wanakusalimu. Mkumbatie wifi yangu, ila mtoto usimwambie kwanza. Mungu akulinde katika njia zako zote, na akupe moyo mpana kuliko wangu.

Utauliza kwa nini sikusubiri hiyo kesho ipite, nikuandikie nikiwa na jibu. Naipeleka barua posta sasa hivi, kabla hawajafunga, kwa sababu najijua. Meneja akiamka salama nikiwa bado nayo mkononi, nitaichana.

Ni mimi dada yako, nikupendaye, na leo ninakuogopa,
Fundi.