Cheti cha Ubatizo

Sumbawanga, 8 Juni 1952

Mume wangu Basil,

Tu wazima, ila mtoto anaota meno na sijalala siku tatu. Ulezi tumeshavuna.

Jumapili nilimbeba mgongoni nikaenda kusali kwenye lile kanisa la zamani la masista. Baada ya misa Sista Zita, anayetunza vitabu vya ubatizo, akaniita.

“Mama Alois, mumeo anafanya kazi gani huko Tanga?”

“Anakata mkonge, Sista.”

“Na mkonge siku hizi unakatwa kwa cheti cha ubatizo?”

Akacheka peke yake. Parokia ya huko imeandika kuomba cheti chako, na sababu haikutajwa. Basil, mtu mzima huombewa cheti anapotaka kufunga ndoa. Labda nakusingizia. Lakini padre alipotufungisha ndoa, aliandika jina langu kando ya jina lako katika kitabu hicho hicho cha ubatizo. Nimeliona.

Sista alitaka kungoja kwanza ujieleze. Nikamwambia anakili yote, na jina langu, atume.

Cheti na barua hii vimepanda lori moja, la Abdala.

Mkeo wa ndoa,
Bertilla